Mkeka Kichwani mwa Baba

Savai'i,
Agosti 1979

Kaka yangu Elisara,

Nakuamkia kwa mapenzi, wewe na wifi na watoto wote huko ng'ambo, Otara. Natumaini baridi ya mwaka huu imewahurumia, na kile kikohozi chako cha kiwandani kimepungua. Mimi mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu. Kifurushi kilifika salama. Magauni yote yananifaa isipokuwa lile la bluu linalonibana mabegani. Mwambie wifi mimi si mwembamba tena kama alivyoniacha. Habari za wengine nitakupa kila moja mahali pake, kwa hiyo nakuomba uisome barua hii ukiwa umekaa, na usiruke ukurasa.

Katika barua yako ya Machi uliuliza kama ni kweli mjomba Tauvela amefukuzwa Lotoava, na kama ni kweli aliyetamka hukumu ni baba. Sikukujibu. Niliianza barua mara nyingi nikaichana. Ni kweli, kaka. Mjomba, aliyenyonya ziwa moja na mama yetu, alifukuzwa kijijini, na sasa hayupo duniani.

Wewe uliondoka ukimwacha mjomba wa zamani, yule aliyeweza kumaliza kichwa cha nguruwe peke yake na bado akauliza kama kuna mapaja. Baadaye kisukari kilimla mguu. Walimpeleka Apia, mguu ukakatwa chini ya goti, akalala hospitali miezi mingi. Kutoka kanisani kwetu hakwenda hata mtu mmoja kumwona. Sisemi walimchukia. Meli ni safari, shamba lina kazi, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshakwenda. Waliokwenda ni watu wa Jumamosi, wale wanaosali siku hiyo badala ya Jumapili. Hawakumjua, lakini walimletea supu, walimfulia nguo, na Mama Siniva mkewe alipoanguka kwa uchovu walimpa mahali pa kulala. Mjomba alirudi Lotoava na magongo mawili na imani mpya. Hakufanya kazi tena Jumamosi, na nguruwe hakumgusa.

Mwanzoni ilikuwa kicheko tu. Kwenye kugawa nyama wanaume walimwita kwa sauti: "Mpeni Tauvela mkia, akauombee ugeuke samaki!" Naye alikuwa na ulimi wake, unamjua. Aliwajibu: "Kuleni tu. Hata yale mapepo ya kwenye Injili yaliingia humo humo." Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, na baba alicheka pia. Lakini nyumba nyingine mbili zilianza kwenda kusali kwake Jumamosi, na kicheko kikapungua. Kisha mjomba akaanza kutengeneza paa lake siku za Jumapili. Kijiji kizima kimya baada ya ibada, watu wamelala, nyundo inalia ko, ko, ko. Baba alikwenda kumsihi kwa upole kama shemeji. Mjomba akamwambia ataiweka nyundo chini siku baba atakapomwonyesha kwenye Biblia mahali Mungu alipobadilisha siku. Baba alirudi nyumbani amebana midomo. Usidhani mjomba alikuwa malaika, kaka. Alikuwa amepata kitu, na alikitumia kama fimbo.

Kilichoharibu kabisa kilikuwa siku ya kumkumbuka mama. Tulikuwa tumepaka kaburi lake chokaa, ukoo wote umekaa, mchungaji yupo. Mjomba, kwa kuwa ni kaka wa marehemu, alipewa heshima ya kusema. Alisimama kwa magongo yake, akatutazama sote, kisha akamgeukia baba. Alisema: "Dada yangu amelala gizani, shemeji, na aliyemzimia taa ni wewe, wewe na Jumapili yako." Nilimtazama baba. Alikuwa akivuta nyuzi za mkeka aliokalia, moja moja, kama mtu anayeng'oa magugu.

Wiki ile ile baraza la wakuu wa koo lilikaa. Unajua baba ndiye msemaji wa baraza, na neno likitoka kinywani mwake limekwisha kuwa la kijiji. Nimesikia kwa waliokuwemo kwamba wazee wengi walitaka atozwe tu faini, nguruwe na makatoni ya samaki wa kopo, yaishe. Baba ndiye aliyekataa. Alisema Lotoava ina kanisa moja tangu mababu walipopokea Neno, na sheria ni sheria hata kwa shemeji. Mchungaji alikuwepo, akanywa kava yake, hakusema kitu. Tauvela na watu wake wakapewa mpaka baragumu la sala ya jioni wawe wameondoka.

Zile nyumba mbili nyingine ziliomba radhi palepale na zikaachwa. Mjomba hakuomba. Vijana walitumwa, kaka, na baadhi yao ulicheza nao mpira. Walifyeka majimbi yake yote, kisha wakatia moto nyumba. Mama Siniva alikuwa anapiga kelele kwamba dawa ya sindano iko ndani, kwenye kikapu kando ya nguzo ya kati. Mmoja akamjibu, "Si muombe Jumamosi apone?" na wenzake wakacheka. Sidhani walielewa ni dawa gani. Kikapu kiliungua na kila kitu. Mwenye lori aliogopa faini, akasema gari bovu. Basi Mama Siniva na mwanawe Iosua walimpakia mjomba kwenye toroli la kubebea nazi, wakamsukuma mpaka juu Maugatalo, kwenye shamba la upande wa Mama Siniva, na ile barabara ya mawe unaijua. Walipita mbele ya nyumba yetu. Mjomba alikuwa amekaa wima kwenye toroli, mguu mmoja umenyooka mbele, anaimba wimbo wa Jumamosi kwa sauti kubwa, na machozi yanamtoka. Baba alikuwa ndani anasoma Biblia. Hakuinua kichwa, na ukurasa haukugeuka.

Mjomba hakumaliza mwezi. Kidonda cha ule mguu uliokatwa kilioza, sukari ikapanda, na dawa ilipopatikana kutoka Apia ilikuwa ya kumpa maiti. Mama Siniva alimtuma Iosua kuomba azikwe Lotoava penye wazazi wake, karibu na mama yetu. Baraza lilikataa. Safari hii baba hakuwa na la kusema upande wowote. Alikaa tu, na wengine wakasema. Mjomba alizikwa Maugatalo, pembeni ya majimbi.

Tangu siku ile baba alibadilika. Jumapili alisimama kuongoza wimbo, akafungua kinywa, wimbo haukutoka. Watu walidhani ni koo. Nyumbani alisukuma sahani. Siku moja aliniita nikae, akaniuliza iwapo, kwa maoni yangu, angemfukuza mjomba kama mjomba asingesema lile neno kuhusu mama. Nilimwambia sijui. Akasema, "Mimi najua. Sikuwa natetea kanisa, Fuatino. Nilikuwa nataka alie kama nilivyolia." Alikwenda kwa mchungaji na maneno hayohayo. Mchungaji alimwambia sheria ilikuwa ya baraza, si yake binafsi, kwa hiyo mikono yake ni safi. Baba aliporudi alisema afadhali mchungaji angempiga.

Akaenda barazani, akaomba kijiji kizima kiende kwa Mama Siniva na mkeka, kama inavyofanywa mtu anapouawa. Walimcheka usoni. Mmoja alisema: "Tuwapigie magoti watu wa Jumamosi? Kesho watahubiri kwamba Mungu amehama!" Mwingine akamwambia baba asisahau kwamba ni yeye mwenyewe aliyeisimamia hukumu, na akithubutu kwenda peke yake atakuwa ameivua nguo Lotoava mbele ya wilaya nzima.

Alikwenda. Alichukua ule mkeka wa heshima wa mama, uliotoka kwao mjomba siku ya harusi, ule ambao hata mchungaji mpya alipokuja hakupewa. Aliukunja akaubeba kifuani. Mimi nilibeba kuni na mawe ya tanuri, ili kusema kwamba mkitaka kutuoka, moto ni huu. Alichagua Jumamosi kwa sababu alijua watakuwepo wote. Asubuhi jua likiwa changa tulifika, wakiwa katika ibada yao chini ya paa la makuti. Baba alipiga magoti uwanjani, akajifunika mkeka kichwa na mabega. Nami nikapiga magoti nyuma yake. Mwenyewe unajua, mkeka ukishakaa kichwani, mwenye msiba akitaka auondoe, na akitaka alete panga, na hakuna wa kumlaumu.

Waliimba wimbo mpaka mwisho. Wakasoma, wakaomba. Iosua alitoka na panga kweli, akasimama hatua chache mbele ya baba, anahema. Unamkumbuka akiwa mdogo wa kukojoa mkekani. Sasa ni jitu. Mzee wa kanisa lao aliyekuwa amekuja kutoka mjini akamwita Mama Siniva kando, lakini sauti yake ilitufikia. Alimwambia asiharakishe, huyu ni mtu aliyelitesa kanisa la Mungu, kwanza atamke mbele ya watu kwamba ameiacha Jumapili, kisha ndipo azungumze naye. Mama Siniva akamjibu, "Mzee wangu, huyu hakuja kubishana siku. Amekuja kwa ajili ya maiti." Lakini hakutujia. Alirudi ndani akakaa.

Jua lilipanda. Mvua ikaja, ile ya mlimani isiyobisha hodi, ikatupiga, ikapita, jua likarudi. Mgongo wa baba ulianza kutetemeka chini ya mkeka. Nilitaka kumshika, nikaogopa kuharibu. Ndipo Mama Siniva alipokuja. Hakuuondoa mkeka. Aliketi chini kwenye matope mbele ya baba, akamsimulia kifo cha mjomba, chote, tangu toroli. Jinsi kidonda kilivyonuka mpaka wakamhamishia nje. Jinsi alivyoomba maji na kila akipewa anayatapika. Jinsi alivyomwita dada yake, mama yetu, kwa jina la utotoni. Hakulia na hakupaza sauti. Alisimulia kama mtu anayekabidhi mzigo, anataka mwenzake aushike vizuri usije ukaanguka. Baba alikuwa akisema tu, "Ndiyo. Ndiyo, shemeji."

Halafu Mama Siniva akamwambia hivi, na nayaandika kama nilivyoyasikia: "Alikufa na hasira na wewe. Sitakudanganya mbele ya Mungu. Nilimsihi akusamehe, akanipa mgongo. Hayo atayamaliza na Muumba wake. Na lile neno alilosema juu ya wifi yangu lilikuwa baya, nilimwambia hivyo siku ileile, hatukusemeshana wiki nzima. Lakini niliyebaki ni mimi. Unayempigia magoti ni mimi. Na mimi nasema inuka." Akauvuta mkeka. Baba hakuweza kuinuka, magoti yalikuwa yamekufa. Mama Siniva alimshika kwapani. Iosua alilitupa panga majimbini, akaondoka kuelekea msituni, na hatukumwona tena siku hiyo.

Kaka, ningependa kukuandikia kwamba baada ya hapo watu waliona aibu wakapatana. Hapana. Tuliporudi Lotoava jioni tulikuta vitu vyetu barabarani. Baraza lilikuwa limekaa bila baba, likamvua usemaji, likamtoza nguruwe ambao hatuna. Jumapili mchungaji alisoma madhabahuni kwamba baba si shemasi tena. Binti Vaelua, rafiki yangu wa miaka yote, alivuka njia asinisalimie. Nyumba haikuchomwa, nadhani kwa heshima ya kaburi la mama, lakini tuliambiwa tuondoke, na tukaondoka.

Hatukuwa na pa kwenda. Wewe uko mbali, na ndugu wa baba wote walikuwa na sababu. Aliyetutumia mtu kutuita ni Mama Siniva. Tumeishi kwake Maugatalo tangu Mei. Na kwa hilo kanisa lake nalo likamgeukia. Walimwambia hawezi kuwafundisha watoto neno la Mungu huku anawalisha waliomuua mumewe na wanaonuka nguruwe. Walimpa muda atutoe. Hakututoa, basi sasa akienda kusali anakaa nyuma kabisa, peke yake, na hakuna anayempa mkono. Nilimwambia tutaondoka, asiteseke kwa ajili yetu. Akaniuliza, "Muende wapi?" akaendelea kumenya jimbi.

Nisikudanganye kwamba ilikuwa rahisi. Msamaha ukiusikia kanisani ni kitu kitamu. Baba alikula mkononi mwa mwanamke ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfanya mjane, asubuhi na jioni, na kila tonge lilimpita kama jiwe. Siku nyingine nilitamani Mama Siniva amtukane, apumue. Naye siku nyingine alimwekea chakula bila kumtazama, akaenda kukaa kaburini kwa mumewe. Iosua alilala shambani ili asilale chini ya paa moja na baba. Hakumsalimia hata mara moja.

Nimezunguka sana, kaka, kwa sababu naogopa kufika hapa. Ile mvua ya Maugatalo ilimwingia baba kifuani, na haikutoka. Juni alikohoa damu. Hospitali hakutaka, alisema mjomba hakupata dawa, na yeye hataitaka. Nilimgombeza, Mama Siniva alimgombeza kwa ukali kuliko mimi, akamwambia kujiua polepole si toba. Akakubali, lakini alikubali kwa kuchelewa. Ijumaa ya mwisho ya Julai, jua linazama, wenyeji wangu wakiwa wanaanza sabato yao, baba yetu Fuimalo alikata roho. Alikuwa ameegemea mapajani mwangu. Alikutaja. Alisema nikuambie usirithi ugomvi wake.

Nilituma ujumbe Lotoava kuomba azikwe penye mama. Jibu lilirudi lilelile alilopewa Mama Siniva, karibu maneno yaleyale. Mchungaji wetu hakuja. Wa kwao naye hakuja, kwanza ilikuwa Jumamosi, pili marehemu hakuwa wa kwao. Joto lilikuwa kali na maiti haikuweza kungoja. Mama Siniva akaniambia kando ya Tauvela kuna nafasi, kama sitachukia. Sikuchukia. Nilichukua jembe mwenyewe, nikaenda kuchimba, maana sikuwa na haki ya kumwomba mtu wa nyumba ile afanye kazi siku yake takatifu.

Sikuwa nimefika hata kwenye kifundo cha mguu Iosua alipokuja. Alininyang'anya jembe. Nikamwambia leo ni Jumamosi. Akasema, "Najua ni Jumamosi. Toka hapo, unachimba kama kuku." Alichimba mpaka kichwa chake hakikuonekana. Alipotoka shimoni alikwenda kunawa, akabadili shati, akarudi kumbeba baba miguuni. Tulikuwa watatu tu. Mama Siniva aliomba, kisha akauanzisha wimbo wetu wa Jumapili, ule wa maziko aliofundishwa utotoni kabla hajaolewa na kabla ya haya yote. Alikuwa amesahau ubeti wa tatu. Tuliuruka.

Najua hasira yako, kaka. Usiwaandikie wazee wa Lotoava. Usimtukane mchungaji. Usitume mtu. Kama unataka kufanya kitu, lia, kisha utume sementi kwa makaburi mawili, si moja. Kanisani siendi popote kwa sasa. Nasali hapa nyumbani, nao wanasali, na hatujaulizana lolote.

Nakuachia hapa kwa kuwa karatasi imekwisha na mkono umechoka. Nisalimie wifi, na uwabusu watoto, uwaambie babu yao aliwapenda bila kuwaona. Iosua hana salamu, lakini ameniuliza kama huko kiwandani kwenu kuna kazi. Mama Siniva anakusalimu sana. Anasema nyumba ni yako, na ukija, njoo siku yoyote.

Ni mimi dada yako, katika majonzi,

Fuatino